Mfuniko wa kisima ulionifunza tofauti ya mzingo na kipenyo

LEO naomba tuziache ngeli zipumzike. Nataka tuzungumzie duara na sehemu zake. Sijageuka kuwa mwalimu wa hisabati katika umri huu wa miaka sitini na ushei. Ni vile tu maneno ya duara yaliniaibisha nyumbani kwetu Keroka, mbele ya mama yangu na mbele ya fundi ambaye ningeweza kumzaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama ana kisima nyuma ya nyumba, kilichochimbwa kwa mkono na kujengewa ukingo wa matofali. Mfuniko wake wa mbao ulikuwa umeoza. Likizo ya shule ilikuwa imekaribia na wajukuu walikuwa wanatarajiwa, nawe wajua habari ya watoto na visima. Mama akanipigia simu Nairobi: "Hao watoto hawakanyagi hapa kabla kisima hakijafunikwa." Nami nikampigia fundi mmoja wa juakali pale mjini, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Kijana wangu, nitengenezee mfuniko wa chuma wa kisima cha mama. Ni wa duara, mzunguko futi nne."

"Mzunguko futi nne, Mwalimu?"

"Ndiyo, futi nne. Wewe tengeneza."

Jumamosi nilipofika nyumbani, fundi alikuja kwa bodaboda, mfuniko ameupakata mapajani kama sinia. Ulikuwa umechomelewa vizuri, umepakwa rangi nyeusi, na ungetosha kabisa kufunika sufuria ya ugali. Tulipouweka juu ya kisima ulielekea kutumbukia, ikabidi tuudake. Mama alitazama kisima, akatazama mfuniko, kisha akanitazama mimi. "Na huu ni wa sufuria gani?"

Nikaanza kumkemea fundi. Hakukasirika. "Mwalimu, si ulisema mzunguko? Mimi nilikata chuma cha futi nne, nikakikunja, nikafunga, halafu nikaweka bati juu. Hata mimi nilishangaa ni kisima gani hicho. Lakini nani atabishana na profesa? Pima."

Nikachukua kamba, nikauzungusha mfuniko ukingoni. Futi nne kamili.

Fundi hakukosea. Niliyekosea ni mimi, na kosa langu lilikuwa la lugha, jambo ambalo nimelipwa mshahara kulifundisha kwa miaka mingi. Nilichotaka kusema ni kwamba kutoka ukingo mmoja wa kisima hadi ukingo wa pili, ukipitia katikati, ni futi nne. Umbali huo hauitwi mzunguko. Huitwa kipenyo.

Basi tuanze hapo. Duara ni umbo ambalo kila nukta ya ukingo wake iko umbali sawa na nukta moja iliyo katikati. Nukta hiyo ya katikati ni kitovu, na hapana haja ya kumweleza Mswahili kwa nini. Mstari unaozunguka, yaani ukingo wenyewe, ni mzingo. Mstari ulionyooka unaotoka ukingoni, ukapita kwenye kitovu, ukaishia ukingo wa pili, ni kipenyo. Nusu yake, kutoka kitovuni hadi ukingoni, ni nusukipenyo, au rediasi kama wasemavyo wengine.

Tazama jinsi maneno haya yanavyojieleza. Kipenyo kimetokana na kitenzi penya: ni kile kinachopenya duara kutoka upande hadi upande. Wagiriki nao waliliunda neno lao kwa njia hiyo hiyo, wakiunganisha "kupitia" na "kipimo". Mzingo umetokana na zinga, yaani kuzunguka. Ama mzunguko, neno lililoniponza, hilo linafaa zaidi kwa mwendo: mzunguko wa damu mwilini, mzunguko wa fedha sokoni, mzunguko wa dunia. Mtu akilitumia kwa kipimo cha umbo, msikilizaji hulielewa kuwa ni urefu wa ukingo, kama alivyolielewa fundi wangu. Na alikuwa na sababu nzuri ya kuelewa hivyo. Yeye hununua chuma kwa urefu. Kwake, ukingo si wazo. Ni kipande cha chuma cha kukatwa kwa msumeno.

Mviringo nao usichanganywe na duara. Yai lina mviringo, hata kiazi kina mviringo, ila si duara, kwa sababu huwezi kupata nukta ya katikati iliyo umbali sawa na kila sehemu ya ukingo.

Sisi Abagusii tulipaswa kuwa wa mwisho kunaswa na mtego wa neno moja lenye maana mbili. Katika Ekegusii, baba ni mama. Ndiyo, baba ndiye mama mzazi, na mzazi wa kiume huitwa tata. Mgeni wa Kiswahili akimsikia mtoto wa Keroka akisema "baba" kisha aone mwanamke ametoka jikoni, atadhani mtoto anatania. Kila upande uko sahihi katika lugha yake, na bado hawajaelewana. Ndivyo tulivyokuwa mimi na fundi kwenye simu.

Sasa turudi kisimani. Nilimuuliza fundi: ili mfuniko uwe na kipenyo cha futi nne, utakata chuma cha urefu gani? Hakutoa simu kupiga hesabu. Alisema: "Unapima katikati, unazidisha mara tatu, unaongeza kidogo."

Nilimuuliza hiyo "kidogo" ni kiasi gani. Akanyoosha kiganja, akasema kwa kisima cha futi nne ni kama inchi saba.

Msomaji wangu, hiyo "kidogo" ya fundi imewashughulisha wanahisabati kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Ukichukua duara lolote, liwe sarafu, sinia au gurudumu la matatu, ukagawa mzingo kwa kipenyo, utapata namba ile ile kila mara: tatu na kidogo. Namba hiyo ndiyo pai. Archimedes wa Siracusa, aliyefariki mwaka wa 212 kabla ya Kristo, alichora umbo lenye pande 96 ndani ya duara na jingine nje yake, akathibitisha kwamba hiyo "kidogo" ni kubwa kuliko 10/71 na ni ndogo kuliko 1/7. Ile 22/7 tuliyokaririshwa shuleni ni tatu na sehemu moja ya saba, kwa hiyo inazidi ukweli kwa kiasi kidogo sana. Alama ya herufi ya Kigiriki tunayoitumia ilianza kuandikwa na William Jones mwaka wa 1706. Mnamo 1761 Johann Lambert akaonyesha kwamba pai haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu kama sehemu ya namba mbili nzima. Ukiiandika kwa desimali huanza 3.14159, kisha huendelea bila kikomo wala mpangilio wa kujirudia.

Pima sasa hesabu ya fundi. Sehemu moja ya saba ya futi nne ni inchi 6.86. Yeye alisema saba. Urefu wa chuma ni futi 12 na inchi 7 hivi. Na ule mfuniko wangu wa aibu? Gawa futi nne kwa pai, unapata futi 1.27, yaani inchi 15 na ushei. Hicho ni kipenyo cha mfuniko wa sufuria.

Kisha tukafika kwenye pesa, na nikaaibika mara ya pili. Fundi alitaja bei ya mfuniko mpya nami nikaruka. Nikamwambia: "Kipenyo kimeongezeka mara tatu na kidogo tu. Mbona bei imepanda hivyo?" Akanijibu kwa upole wa kijana anayezungumza na mzee: "Mwalimu, chuma cha ukingo ndicho kinaongezeka mara tatu. Bati ni karibu mara kumi."

Alikuwa sahihi tena. Eneo la duara, yaani nafasi yote iliyo ndani ya mzingo, halikui sawasawa na kipenyo. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Kikiongezeka mara tatu, eneo huongezeka mara tisa. Kikiongezeka mara 3.14, eneo huongezeka mara 9.87. Kwa hiyo unapoona chapati mbili mezani, moja ikiwa na kipenyo mara mbili ya nyingine, na unene ni ule ule, kubwa ina unga wa ndogo nne. Anayekuuzia kubwa kwa bei ya ndogo mbili amekupendelea.

Na kwa kuwa tumeitaja chapati, tuitumie kuonyesha kanuni ya eneo inatoka wapi. Usiile kwanza. Ikate kutoka kitovuni vipande vingi vyembamba, kila kimoja kikiwa na ncha mbele na upinde nyuma. Kipande cha namna hiyo, kilichozungukwa na nusukipenyo mbili na sehemu ya mzingo, huitwa sekta. Sasa vipange kwa safu, kimoja ncha juu, kinachofuata ncha chini. Utaona safu inakaribia kuwa mstatili. Upana wake ni nusukipenyo. Urefu wake ni nusu ya mzingo, kwa sababu nusu ya mipinde imekaa juu na nusu imekaa chini. Zidisha upana kwa urefu, umepata eneo: pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo. Kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba, ndivyo mstatili unavyonyooka.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Kisima cha mama kina nusukipenyo cha futi mbili. Mzingo wake ni futi 12.57. Eneo lake ni futi za mraba 12.57. Namba ni moja! Hili hutokea pale tu nusukipenyo kinapokuwa na kipimo cha mbili. Mtu asiyetaja kizio atadhani mzingo na eneo ni kitu kimoja. Futi ni za kamba, futi za mraba ni za bati. Ukimwambia fundi "kumi na mbili nukta tano saba" ukanyamaza, usishangae atakacholeta.

Wakati tukiongea, mjukuu mmoja aliyekuwa ametangulia kufika alituuliza swali la maana kuliko yote: "Kwa nini msiweke mfuniko wa mraba? Si ni rahisi kukata?" Ili nimjibu, yafaa niongeze maneno mengine mawili.

Sehemu ya mzingo huitwa tao. Mstari ulionyooka unaounganisha nukta mbili za mzingo, mimi hupenda kuuita upote, yaani ile kamba ya uta. Ukitazama tao kama upinde, upote ndio unaofunga ncha zake mbili. Picha hii sikuibuni mimi. Waarabu huita tao qaws, yaani upinde, na mstari huo huuita watar, yaani kamba yake. Wahindi wa kale nao waliuita jya, neno la Kisanskriti lenye maana hiyo hiyo. Sisi wenye uta na upote tangu enzi za mababu hatuna sababu ya kwenda kuazima.

Upote hugawa duara mapande mawili. Wakazi wa Keroka hawahitaji mfano wa mbali. Mji wetu umekaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na mvutano kuhusu nani atoze ushuru sokoni si habari ngeni. Mji si duara na mpaka si mstari ulionyooka, ila tuseme ni hivyo kwa leo. Upote ukipita kitovuni, huo sasa ni kipenyo, na pande zote mbili zinalingana: kila moja ni nusuduara. Usipopita kitovuni, upande mmoja hupata pande kubwa na mwingine dogo, na hapo ndipo kelele huanza.

Jambo la msingi ni kwamba hakuna upote unaouzidi kipenyo kwa urefu. Kipenyo ndicho kirefu kuliko pote zote, na vipenyo vyote vya duara moja vinalingana. Kwa hiyo mfuniko wa duara ulio mpana kidogo kuliko mdomo wa kisima hauwezi kutumbukia, uugeuze utakavyo, uulaze au uusimamishe wima. Mraba sivyo. Kisima cha mraba chenye upande wa futi nne, ukikipima kutoka pembe hadi pembe, kina futi tano na inchi nane hivi. Mfuniko wa mraba wenye upande wa futi nne na inchi mbili, mtoto akiuinua na kuusimamisha wima kuelekea pembe hizo, utapita na kuzama. Na aliyeushika anaweza kuufuata. Nilimweleza mjukuu hivyo. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi wa duara."

Fundi naye alinionyesha kitu nisichokijua. Alihitaji kupata kitovu cha mfuniko ili achomelee mshikio. Alichukua kipimapembe chake cha chuma, kile cha pembe mraba, akaweka kona yake kwenye mzingo, akatia alama mahali ambapo pande zake mbili zilikata ukingo, akaunganisha alama hizo kwa mstari. Akarudia kuanzia mahali pengine. Mistari miwili ikakutana, na hapo ndipo pakawa kitovu. Siri yake ni kwamba pembe mraba ikikaa kwenye mzingo, mikono yake miwili hukata duara kwenye ncha za kipenyo, wala si penginepo. Jaribio hili, msomaji, unaweza kulifanya sasa hivi. Chora duara kwa kufuatisha ukingo wa sahani kwenye karatasi, kisha tumia kona ya ukurasa huu wa gazeti badala ya kipimapembe.

Nilipokuwa nikitazama mikono ya kijana yule, nilikumbuka darasa letu miaka ya sabini. Kabla ya CPE tulikuwa tunaweza kuandika 22/7 tukiwa usingizini. Maneno yote ya duara tuliyapata kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwetu baada ya Ekegusii na Kiswahili, na hakuna aliyetuambia neno lolote kati ya hayo lina maana gani. Kiswahili chenyewe hakikutahiniwa. Kuanzia 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoleta mtihani wa Kiswahili, watoto wa Kenya walianza kujifunza majina ya maumbo: duara, tufe, pia, hilali, mche duara. Lakini walijifunza kama orodha ya msamiati wa kujibia mtihani. Kipindi cha Kiswahili kikiisha, mwalimu wa hisabati aliingia na majina mengine. Mtoto akawa na maneno yasiyo na vitu asubuhi, na vitu visivyo na maneno mchana.

Wenzetu wa Tanzania, ambako shule za msingi za umma zimefundisha hisabati kwa Kiswahili kwa miongo mingi, hukua wakilijua neno kipenyo kama wanavyolijua neno kijiko. Sidai kwamba kila Mtanzania ni bingwa wa hesabu. Nadai tu kwamba mtoto aliyeambiwa kipenyo ni kinachopenya hahitaji kukikariri mara mbili. Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo: mwalimu wa Kiswahili akifika kwenye maumbo, aingie darasani na kamba na sinia, watoto wapime mzingo na kipenyo wenyewe, wagawe, waione ile "tatu na kidogo" kwa macho yao. Na mwalimu wa hisabati asione haya kulitaja neno kipenyo.

Mfuniko wa pili uliletwa Jumatano kwa mkokoteni, maana bodaboda haikuuweza. Una kipenyo cha futi nne na inchi mbili, na mshikio umekaa kitovuni. Nililipa bei yote bila kunung'unika. Wajukuu waliwasili siku mbili baadaye. Ule mdogo mama hakukubali uuzwe wala uyeyushwe. Ameufunikia mtungi wa maji jikoni, na mgeni akiulizia ulikotoka, huambiwa ni kazi ya profesa.